Nyuma ya Kadi

Baba alipanga barua za watu miaka thelathini na moja
posta ya Kisumu, dirisha la nne,
na mkono wake haukudokoa hata stempu.
Alichotaka alikiomba: "Bwana, hiyo kadi
ukishaisoma, ukiona huihitaji, nikumbuke."
Wakamkumbuka: mapadri, madaktari wa kujitolea,
bibi mmoja wa Milimani aliyekuwa na dada Arizona.

Nikarithi mkebe wa biskuti, kutu pembeni,
kadi mia mbili na kumi na mbili.
"Wahindi Wekundu," alisema Baba,
kama kitabu cha shule kilivyomfundisha kusema.
Mimi nilijifunza baadaye wanavyojiita wenyewe:
Wadine, Walakota, Wahopi, Waaimara, Wamapuche.
Niliyatamka jikoni nikiosha sufuria,
nikayavunja, nikayaokota, nikarudia.

Jumapili, umeme ukipotea, huzitandaza mezani.
Mzee mwenye manyoya hadi visigino
anatazama kushoto, kama aliyeambiwa "tazama kushoto."
Mama mbele ya kitanda cha mfumi;
aliyempaka rangi kiwandani aliharakisha,
wekundu wa shali umemwagikia shavu.
Ninageuza. Wino wa kahawia:
"Chakula kibaya, hewa safi. Tumewaona hawa. Busu kwa watoto."
Nyingine: "Wa katikati hakutaka kupigwa picha. Tulimlipa."

Hiyo huizika chini kabisa.
Wiki ijayo iko juu. Sijui ni mkebe au ni mimi.

Shangazi Peresi alikuja na mikeka yake ya mafunjo,
soko la Kibuye lilikuwa limemkataa siku hiyo.
Akachukua kadi ya ziwa lao, Titicaca,
mitumbwi ya matete iliyopinda pua kama viatu vya bwana harusi,
akaileta karibu na mshumaa.
"Aliyefunga fundo hili," akasema, "ni wa mkono wa kushoto."
Basi. Hakusifu, hakushangaa.
Fundi alikuwa amemwona fundi.

Ndipo akakwangua kadi iliyogandia sakafu ya mkebe.
Haikuwa ya Amerika.
MSICHANA WA KAVIRONDO, herufi kubwa,
na bei kwa penseli, imefutwa, ikaandikwa tena.
Amebeba chungu, amegeuka nusu,
mgongo kwetu, uso kwa mtu asiyeonekana.

Shangazi alivaa miwani iliyofungwa kwa plasta.
Akacheka. Kicheko kikakatika.
"Msichana? Huyu ni mke wa mtu!
Huoni chieno? Huo mkia wa nyuzi,
hapo nyuma, mchana kweupe.
Hata mtoto angejua. Hawakuuliza?"
"Labda waliuliza bei," nikasema,
na mdomo wangu ukaniwasha.

Nikamrudia mzee wa manyoya. "Chifu," kadi inasema.
Chifu wa nani? Unyoya wa tatu umekatwa ncha,
kwa kisu, si kwa bahati mbaya.
Huko kwao pengine yupo shangazi
anayeusoma kutoka upande wa pili wa chumba.
Mimi nimeutazama miaka tisa
nikiona unyoya.

Bwana Virdi wa Nakuru, naye mkusanyaji,
alipopata habari alipiga simu usiku uleule:
"Hiyo ya Kavirondo, nakupa Waapache sita, na nauli juu."
Nikamwambia nitauliza.
"Utamuuliza nani?" Hakuwa akinikejeli, masikini,
alitaka tu kujua asubiri hadi lini.

Asubuhi Shangazi aliifunga kadi kwenye pindo la leso,
palepale anapofunga pesa.
Anaipeleka Seme, kwa Dani Siprosa.
"Lakini Dani haoni tena," nikasema.
"Nitamweleza kwa mdomo.
Chungu, bega, shanga ngapi. Atasema ni wa ukoo gani."

Sakafuni mwa mkebe pamebaki umbo la kadi, mstatili mmoja
ambao kutu haikuufikia.
Nimezihesabu zilizobaki: mia mbili na kumi na moja,
na kwao ni mbali.